Nimeuona Mgongo wa Ndege

Baba Rehema,

Nimepanda ndege. Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize. Anayeandika ni mjukuu wako Neema. Mie nasema tu, na nimemkataza kunisahihisha.

Rehema ndiye aliyenikatia tiketi. Alisema kwa magoti haya nisingefika Newala kwa basi, na arobaini yako haiwezi kupita mie sipo kaburini. Nikagoma. Wewe unanijua. Miaka yote tunakaa hapa Yombo, ndege zinapita juu ya bati, sijaitamani hata moja. Mie nilizijua kwa kiganja. Wewe ulizichonga za mpingo, mie nikapiga msasa, nikapaka kiwi. Fokker, mabawa yapo juu begani. Cessna, miguu nje kama kuku, haikunji. Bombardier, lile pangaboi, magurudumu inayaficha chini ya injini. Boeing ndogo, injini bapa kwa chini kama chungu kilichokalishwa kibichi. Dreamliner ina meno meno nyuma ya injini, yakanichana kidole, ukaniambia nisimwage damu kwenye mpingo wako. Pole yenyewe ndiyo hiyo!

Matumbo ya ndege zako, mume wangu, hakuna mchongaji aliyeyaweza. Milango ya magurudumu, taa, vishimo, vyote vipo. Lakini mgongo? Laini kama upara wako. Maana ulichonga ulichokiona, na ulikuwa unaona kwa chini, umelala chali kwenye mkeka uani. Wateja walikuwaga wanazigeuza, wanacheka. Neema akakuletea picha kwenye simu, ukausukuma mkono wake: "Picha ina uso tu, haina mgongo. Mie sichongi umbea." Mkaidi wee! Siku ile nilikununia. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, halafu kicheko chenyewe kinageuka... Basi, tuache.

Yule fundi wa ndege wa Goba, aliyekuagiza Airbus ya kuweka sebuleni akistaafu, ndiye aliyetuambia kwamba Airbus hiyo ilizaliwa kiwandani kwa Bombardier, ikachukuliwa ikiwa mwali tayari, ikabadilishwa jina. Ukasema, "Kumbe ni bibi harusi!" Ukaichonga kwa heshima kuliko zote. Tumbo ukalimaliza. Mgongo ukasema utangoja mpaka uende ukauone. Ukaenda kwingine.

Msiba haujaisha vizuri, mwenzako wa kibandani, Nandonde, akaja: "Mama, nipe nimalizie. Siku moja tu." Nikamwambia aondoke kabla sijachukua mwiko. Lakini fundi naye ameshauliza mara mbili, kwa adabu, na kazini ameshaaga. Nikabaki na ndege yako mapajani, sijui nimpe nani. Kumrudishia mtu kitu nusu, sikuweza. Kumpa Nandonde abahatishe, sikuweza vilevile. Hilo ndilo lililonipandisha ndege, Baba Rehema. Magoti yalikuwa kisingizio.

Kufika uwanjani, naiona ni bibi harusi mwenyewe! Nikaomba dirisha la kwenye bawa. Yule dada wa ndani akasema, "Bibi, hapo bahari hutaiona vizuri, utaona bawa tu." Nikamwambia bahari naijua, mwanangu, nipe bawa.

Sasa sikiliza. Kuna mstari mweusi, unazungushia mahali fundi anaporuhusiwa kukanyaga. Ncha ya bawa imekunjwa juu, hiyo uliipatia. Na kuna vibao, vimelala kwa kupangana upande wa nyuma wa bawa, huwezi kuvidhania. Tulipogusa chini Mtwara vyote vikasimama kwa mpigo, kama manyoya ya kuku aliyemwona mwewe. Nikapiga kelele, "Baba Rehema, vinasimama!" Ndege nzima ikanigeukia. Wageuke tu, mie sikuwa nasema nao.

Pale kaburini Newala nilikusimulia kimoyomoyo, lakini ndugu zako walikuwa wanaimba kwa nguvu, sikujua kama umesikia. Ndiyo maana ya barua hii.

Kuna jambo jingine. Uliwahi kuniambia mkono wangu ni wa msasa, patasi ina wenyewe. Iliniuma, sikukwambia. Nakwambia leo, kwa sababu nimechukua patasi yako ndogo. Bawa la kulia nimelimaliza jana. Vibao vimepinda kidogo, kimoja kilikatika nikakirudishia kwa gundi. Sivinyooshi. Ukichukia, chukia, lakini aliyeviona kati yetu ni mie.

Kesho naanza bawa la kushoto. Nikimaliza naipeleka Goba mwenyewe, na fundi nitamweleza wazi: tumbo la marehemu, mgongo wa mkewe. Akiipenda, ni yake. Akiicheka, naibeba narudi nayo nyumbani, tutakaa wawili.

Lala, mume wangu. Nitaimaliza.

Mkeo,
Mama Rehema