Mwita Ataijua Pua Yangu

Kwako mdogo wangu Gati, huko Itiryo,

Umeamkaje, wewe na mzee wako na mbuzi wenu? Kaka yako nipo hapa kijiji chetu kipya, mwendo mfupi kutoka Mugumu, na pua yangu ni ile ile unayoijua. Juzi nilinusa mvua ingali upande wa ziwa, nikawaambia watu waanue mtama. Wakaanua, ikanyesha.

Gati, nimekudanganya. Mvua niliambiwa na goti. Pua imekufa. Yale mafua makali niliyokuandikia yalipoondoka yaliondoka nayo. Kile kibuyu cha mama ulichonitumia nimekinusa mpaka shingo ikauma: hakuna moshi, hakuna maziwa, hakuna mama. Nilikaa nacho mapajani kutwa nzima kama mjinga.

Sikumwambia mtu. Unajua wazee wa hapa hawanywi maziwa ya mgando kabla sijanusa kibuyu na kusema yameiva au yameharibika. Ndiyo heshima pekee niliyohama nayo, nyingine zilibaki huko na boma langu. Lakini jirani yangu Mwita akanishuku. Siku ya palizi ya shamba la kijiji akaniletea kibuyu mbele ya wazee wote.

"Mzee Marwa, hebu tusaidie."

Nikanusa kwa madaha, macho nimefumba. "Haya ni ya ng'ombe aliyelishwa mlimani. Yameiva."

Kumbe ni mkojo wa mbuzi! Walicheka mpaka mmoja akakalia jembe. Sasa hata wanawake kisimani wananiamkia, "Shikamoo, mzee wa mlimani."

Nikangoja zamu yangu. Hapa nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja kama meno, yangu na ya Mwita ni hatua kumi, na upepo wa jioni hutoka kwangu kwenda kwake. Kijiji kilipochinja ng'ombe wa sikukuu, wakakosa pa kuanikia ngozi. Nikasimama mkutanoni: "Leteni kwangu, ndugu zangu. Ujamaa ni kubebana." Wakanipigia makofi. Mwita naye alipiga, maskini.

Siku ya tatu akaja amejifunga shuka puani.

"Marwa, ondoa hizo ngozi! Mke wangu amerudi kwao!"

"Kwani zina nini?"

"Zinanuka, mzee!"

Nikavuta pumzi taratibu, nikafumba macho. "Mbona mimi napata maziwa tu? Ya mlimani."

Ugali wa siku ile niliulia pale pale kwenye nzi, nikashiba kuliko miaka yote. Lakini sasa ngozi zimekauka, gari limezichukua, mke wake amerudi, na jana nimewasikia wanacheka. Sijamaliza naye. Ataniomba radhi mbele ya wazee wale wale, au hatalala.

Msalimie shemeji. Na shangazi yetu asiyesikia, mpigie kelele salamu zangu, mwambie sasa tuko sawa, kila mmoja amepungukiwa kimoja.

Halafu, Gati, unakumbuka nani alivunja mtungi wa pombe wa baba, na nani alichapwa? Sijawahi kukudai. Shemeji akija mnadani Mugumu, aniletee beberu asiyehasiwa, nimfunge upande wa Mwita. Ila umchague wewe, kwa pua yako: yule ambaye ukimkaribia machozi yanakutoka.

Ni mimi kaka yako niliyechapwa,
Marwa