Tabasamu la Kamate mbele ya jeneza

Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa tisa na robo alasiri, manyunyu juu ya mtaa wa Mabanga.

Muhindo, Kamate wetu amecheka msibani. Amecheka mbele ya jeneza!

Wakumbuka operesheni yake: bomu la mjini Sake lilipopoozesha nusu ya uso wake, daktari aliunganisha mshipa wa fahamu wa kutafunia na ule wa uso. Tangu hapo, akiuma meno, mdomo hupanda, akaonekana anatabasamu.

Leo alikwenda kumbeba marehemu Jephté hadi kaburini, kijana aliyembeba mgongoni hadi hospitali siku ya bomu lile. Machozi yakamlengalenga. Akafanya kama padri wa nidhamu alivyotufunza bwenini: akauma meno ili asilie.

Mama Jephté akamwona.

"Papa Kamate, unamucheka mutoto yangu?"

"Hapana, mama, ni ile operesheni…"

Aibu ikamfanya aume zaidi, na tabasamu likazidi kupanda. Fikiria, Muhindo: likazidi! Uso wake mwenyewe ulikuwa umemkatalia.

Akainama, akashika mpini wa jeneza. Mama akamwondoa vidole mpinini, kimoja kimoja.

"Jephté alikubeba bure, papa. Usimurudishie kitu."