Tumewahi Kufika

Jumapili jioni.

Ningenyamaza tu. Daktari alimwambia Baba atembee, hakumwambia akimbie. Kila Jumapili tunazunguka: tunashuka kutoka Gungu hadi Kibirizi, tunafuata ziwa mpaka bandarini, kisha tunapanda kurudi nyumbani. Njiani Baba husimama kwa kila mtu, anaulizia hadi wajukuu.

Leo nikamfokea: "Baba, tumekuja kutembea, si kusalimia watu!"

Akaongeza mwendo. Pale Kibirizi, Mama Zuhura, ambaye Baba humsalimia kila wiki, aliacha dagaa aliowaanika juani, akaja anajifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo, Mzee!" Baba akaitikia marahaba bila kusimama. Yule mama akabaki ananitazama mimi. Nilitaka kumwambia Baba arudi, lakini…

Tumefika nyumbani mapema mno. Baba alikaa barazani, hata viatu hakuvua.

"Haya, tumewahi," akasema. "Sasa tufanye nini?"