Siku Tulipokwenda Kusajiliwa, Mimi na Meneja

Kwako Babu Spoki,

Shikamoo Babu. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kigoda chako mbele ya kibanda, mzima wa afya, goti limetulia na kile kikohozi kimehama kwenda kumtafuta mtu mwingine. Je, bado unaziba pancha mwenyewe, au umekubali kupata mtu wa kukusaidia kuinama? Mama anasema ukijibu kwamba hujambo tusikuamini mpaka uape. Sisi huku hatujambo sote. Mchumba wako nimenenepa kidogo, kwa hiyo siku ukija kunichukua usije ukasema umeletewa mtu mwingine.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua, Babu, nikishika simu maneno yote yananikimbia, nabaki kusema ndiyo Babu, ndiyo Babu, mpaka unakata ukidhani naumwa. Na habari niliyonayo ni ndefu.

Kwanza, nimemaliza shule na nimekubaliwa chuoni, kusomea ufundi wa majokofu. Usicheke. Shangazi alicheka vya kutosha kwa niaba ya ukoo mzima. Alisema msichana asiyeweza hata kumwambia kondakta ashushwe atawezaje kuingia kwenye nyumba za watu kuwatengenezea friji. Nilimjibu kwamba friji halina maneno mengi. Nilijibu kimoyomoyo, lakini nilijibu.

Pili, mdogo wangu amefika salama na anaendelea vizuri. Tunamwita Meneja, kwa sababu analala mchana kutwa, akiamka anafoka, na nyumba nzima inakimbia kumhudumia.

Sasa, chuo walitaka cheti changu cha kuzaliwa. Nikamwomba Mama, Mama akaniambia nimwulize Shangazi, Shangazi akapekua sanduku lake la bati, akatoa kadi zangu za chanjo, akatoa ripoti zangu zote za shule, akatoa hata kiatu changu cha kwanza, lakini cheti hakikuwemo. Babu, sikuwahi kusajiliwa. Nimesoma miaka yote kwa kadi ya kliniki. Mwalimu mkuu alikuwa akidai cheti, Shangazi akimwambia kitaletwa, mpaka mwalimu mkuu akastaafu.

Naomba nikueleze ilivyokuwa, maana najua nyumba yetu umeiona kwa nje zaidi kuliko kwa ndani. Kwetu mwenye kauli ni Shangazi. Baba yuko mbali na madaraja yake, anachomelea vyuma miezi na miezi, na akipiga simu Jumapili anapiga kwa dada yake. Shangazi ndiye mwenye funguo. Zimo shingoni mwake, hata akioga. Sukari, mchele na sabuni vimo ndani ya lile friji bovu la sebuleni, ambalo limetiwa kufuli, na Mama akitaka kijiko cha sukari anaomba. Si kwamba Shangazi ni mbaya, Babu. Meneja hajawahi kuogeshwa na mtu mwingine, na mimi nikiumwa kichwa yeye ndiye halali. Lakini anaamini mtoto ni wa upande wa baba, na shughuli zote za mtoto zinafanywa na upande wa baba. Mama akijaribu kusema, huambiwa kwamba kuku kazi yake ni kuatamia, vifaranga ni vya mwenye banda. Basi usajili wangu ulikuwa ukimsubiri Baba. Baba alipokuja likizo ilikuwa fupi, akaambiwa likizo ijayo. Likizo zikapita, mimi nikaota magego.

Huenda na Meneja angesubiri hivyo hivyo kama si yule muuguzi wa kliniki. Mama alimpeleka Meneja kupimwa uzito, nami nikawasindikiza, muuguzi akamwuliza mbona mtoto hana cheti. Mama akasema baba yake hayupo. Muuguzi akamtazama juu ya miwani, akamwuliza kwani siku ya kujifungua baba yake alikuwepo? Akamwambia mama anatosha; achukue karatasi ya hospitali na kitambulisho chake, aende. Mama akamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu mtoto mkubwa. Muuguzi akauliza mkubwa kiasi gani, Mama akanyoosha kidole kwangu. Muuguzi akacheka mpaka akakaa. Akasema huyo naye anasajilika, ila aletwe mtu mzima aliyeshuhudia akizaliwa.

Kesho yake tukiwa uani tunafua nepi za Meneja, Mama aliniambia jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Kwamba nilipozaliwa ulikuja kwa baiskeli njia nzima, ukiwa na jina la marehemu Bibi, mama yake Mama, ulitaka nipewe mimi. Kwamba ulikaribishwa barazani, ukaletewa maji ya kunywa, ukaambiwa kwa adabu kwamba majina ya nyumba hii yanatoka ndani ya nyumba hii. Ukanywa maji, ukashukuru, ukapanda baiskeli yako. Mama alisema alikuwa chumbani amenilaza kifuani, akaisikia kengele ya baiskeli yako ikienda mpaka ikapotea, na hakusema kitu kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Halafu akaniambia jina lako kamili. Babu, nilikuwa silijui. Kwangu wewe ulikuwa Babu Spoki tu. Akasema kama angeulizwa, safari hii angesema hilo. Halafu akaniambia nisuuze vizuri, povu bado.

Jioni ile mezani Mama alisema, huku anampakulia Shangazi, kwamba Alhamisi tunakwenda kusajiliwa. Shangazi akacheka. Akataka kujua tangu lini mgeni akatoa ratiba. Mama hakukasirika. Alisema tu kwamba kwa ajili ya mkubwa anatakiwa shahidi aliyekuwepo, na siku ile mvua ilifunga njia, mkunga hakufika, na aliyekuwepo ni mtu mmoja tu, wifi yake.

Hapo alimpata. Kwa sababu, Babu, hakuna mtu mtaani kwetu ambaye hajaambiwa na Shangazi kwamba yeye ndiye aliyenipokea mimi kwa mikono yake. Muuza mkaa anaijua hadithi hiyo. Fundi viatu anaijua. Sasa serikali yenyewe inataka kuisikia, akatae? Aliacha kula akafikiri. Kisha akasema sawa, atakwenda, lakini atakwenda kama mkubwa wa nyumba, na jina la Meneja yeye na Baba wamekwisha kupanga. Ni jina la mdogo wake marehemu babu wa upande wa baba. Zuri, sikatai, ila binamu zangu wanne wanalo tayari. Wakija wote likizo ukiliita uani wanatoka wanne, hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyetumwa.

Alhamisi tukaenda. Ofisi yenyewe ni ukumbi mmoja mrefu, viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa kamba, na kalamu ya dirishani nayo imefungwa kwa kamba, nafikiri watu wa hapo wameibiwa sana. Ukumbi ulijaa akina mama na watoto wachanga. Karani alikuwa kijana mwenye mafua. Zamu yetu ilipofika aliita mama na mtoto wasogee, Mama akasogea, nami nikasogea. Karani akasema siyo wewe dada, mtoto. Mama akasema ndiye huyu, tuanze na mkubwa. Babu, ukumbi mzima ulicheka. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akaniuliza kama nimeshaachishwa ziwa au anisogezee upande wa pili. Natamani ungeona masikio yangu yalivyowaka.

Karani akaomba shahidi. Shangazi akasimama, akavua mtandio, akaufunga kiunoni. Karani alitaka aseme ndiyo au hapana. Shangazi akamwambia kijana, mambo ya uzazi hayana ndiyo na hapana, shika kalamu usikilize. Akaanza na mawingu ya asubuhi ile. Akaeleza mvua, akaeleza maji yalivyoingia jikoni, akauchukua mkoba wake akauonyesha kwamba ndio mimi, nilikuja hivi, bega hili kwanza. Watoto waliacha kulia. Hata mlinzi aliacha mlango akaja kusikiliza.

Lakini kufika katikati alisema jambo ambalo muuza mkaa hajawahi kuambiwa. Alisema baba yao, yeye na Baba, alikuwa mahututi chumba cha pili, na mimi nilikaa vibaya, na ilikuwa saa baada ya saa. Na Mama, msichana aliyenizidi umri kidogo tu hivi nilivyo sasa, aliuma upande wa khanga na kumshika yeye Shangazi mkono, hakupiga kelele hata mara moja, asije akamwamsha mkwewe. Shangazi alisema mkono ule ulimuuma wiki nzima. Akasema yeye hakuwahi kujaliwa kuzaa, lakini alichokiona siku ile kilimtosha kujua kwamba angekuwa yeye angekimbia. Kisha akaanza kuvuta zipu ya mkoba, kama mtu aliyezungumza akiwa usingizini akaamshwa. Mama alikuwa akitazama sakafu.

Karani alijifuta pua akasema ushahidi umetosha. Akasukuma karatasi. Shangazi akanyoosha mkono kuchukua kalamu, kwa mazoea, maana kwetu kila kinachosainiwa anasaini yeye. Karani akasema shahidi anasaini chini, hapa juu ni pa mwenye mtoto. Akampa Mama. Mama aliandika polepole sana, majina yake matatu. Nyumbani anaitwa mke wa kaka, au mama fulani kwa jina langu. Sikuwahi kuyaona majina yake yakiwa yamekaa pamoja. La mwisho lilikuwa lako.

Halafu ikaja zamu ya Meneja. Karani akamwuliza Mama mtoto anaitwa nani. Shangazi akakohoa. Mama akafungua mdomo, akamtazama wifi yake, na sauti haikutoka. Nilimwona akijaribu tena. Nyuma watu walianza kunung'unika, mmoja akasema jamani mpeni huyo mtoto jina lolote, wengine tumeacha vyungu motoni. Shangazi akavuta pumzi ili aseme. Na hapa, Babu, ndipo ninapotakiwa kukuomba radhi, maana nimelitaja jina la mtu mzima mbele za watu bila ruhusa yake.

Nilisema jina lako. Nililisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mlinzi aligeuka. Nilisema ndugu yangu anaitwa hivyo.

Shangazi alimwuliza karani kama kinachoandikwa kinaweza kufutwa. Karani akasema bado hajaandika, na wa kumwambia aandike au asiandike ni mmoja tu. Akamgeukia Mama. Sote tukamgeukia. Mama alimpandisha Meneja begani, akasema, “Andika. Mtoto amesema sawa.”

Njiani Shangazi alitutangulia. Alinunua soda, akainywa peke yake mpaka chini. Nilijua nimekwisha. Lakini kufika karibu na nyumbani jirani akatuuliza safari ilikuwaje, na Shangazi akamweleza kwamba tumempa mtoto jina la mkwe wetu, kwa sababu yeye Shangazi aliona ni vizuri undugu ushonwe pande zote mbili. Alieleza kwa urefu. Mama na mimi tuliingia ndani haraka tukacheka kwenye mito.

Jumapili Baba alipiga. Shangazi alimpa habari kwa sauti kubwa. Kisha Baba akaomba apewe Mama. Babu, sijawahi kusikia akiomba hivyo kabla ya kumaliza na dada yake. Mama alizungumza ameelekea ukutani, akicheka na kujifuta macho kwa pamoja. Baadaye aliniambia kwamba Baba alikuwepo barazani siku ile ya baiskeli, na miaka yote hii amekuwa akitafuta pa kuanzia kukuomba msamaha. Anakuja likizo mwezi ujao. Anataka akufuate mwenyewe akulete, na safari hii ulale ndani.

Vyeti vyote viwili vimetoka, changu nimekipeleka chuoni, nimepokelewa. Nimebakiwa na tatizo moja tu nyumbani, nalo umelisababisha wewe. Mama hawezi kumwita Meneja jina lake, ni jina la baba yake mzazi, linamkwama. Kwa hiyo anamwita Baba. Baba yangu naye kwenye simu anamwuliza mkwe wake kama amelala vizuri. Jana Meneja alimlowesha Shangazi nguo yake ya kutokea, kifuani mpaka magotini. Tuliziba masikio tukingoja kelele. Shangazi akajitazama, akamtazama yeye, akainama kidogo akasema, “Hakuna neno, mkwe, umefika kwako.”

Nisalimie wateja wako wote na yule mzee anayekuja kujaza upepo kila siku wakati hana baiskeli. Mama anakusalimu, anasema vaa kitu kizito asubuhi. Shangazi anakusalimu kwa heshima. Somo yako analala.

Ni mimi mjukuu wako wa kwanza, mchumba wako, fundi friji mtarajiwa.