Wimbo wa Kurudi Kundini

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lukozi, wewe pamoja na Bibi, ambaye nasikia amekupa chumba. Mimi mwili wangu ni mzima. Ukungu wa hapa shuleni haujaondoka wiki nzima na sare hazikauki, ila si hilo linalonisumbua. Nakuandikia kwa sababu mbele yako nisingeweza kufungua mdomo.

Jumapili ya kutembelewa nilimngojea Mama. Akaja mzee wa kanisa na mfuko wa peasi. Akaniambia umerudi kutoka Kilombero, umetubu kwa mchungaji, na mwezi ujao utasimama mbele ya usharika urudishwe kundini. Umeomba mimi, kwa kuwa natunga nyimbo za kwaya ya shule, nikutungie wimbo wa mwana mpotevu. Nikamuuliza Mama anasemaje.

"Mama yako ni mtu wa kanisa, binti. Atafurahi kama wengine."

Kama wengine! Miaka yote uliyokaa na yule mwanamke huko Kilombero, Mama alibeba kabichi kichwani mpaka gulioni, na mdogo wangu Yona alimwita mjomba "baba" kwa kuwa hakumjua mwingine. Baba, nina hasira mpaka mwandiko wangu unaharibika.

Hata hivyo nilianza kutunga, maana nimelelewa kutii. Beti za safari, njaa na nguruwe zilikuja upesi. Nilipofika pale mwana anapoomba msamaha, niliandika ubaoni kwaya nzima iimbe, sauti zote nne. Rafiki yangu Mwanaidi, niliyemsimulia habari zako, ni Mwislamu, lakini hukaa nyuma ya darasa akijisomea tunapofanya mazoezi. Akaniuliza huyo mwana aliporudi alianzia wapi, kwa shehe wao au nyumbani.

"Nyumbani," nikasema.

"Basi baba yako kapotea tena."

Wenzangu walicheka. Mimi nilifungua Biblia nikasoma upya, na kweli, hakupitia kwa kuhani yeyote. Alikwenda na vumbi lake kwa yule aliyemwacha, akasema naye. Wewe umeshuka kwenye gari ukaenda kwa mchungaji, kisha ukalala kwa Bibi. Kutoka hapo mpaka jikoni kwa Mama ni kuvuka uwanja tu, na hujavuka. Mzee aliniletea salamu za Mama: nisome kwa bidii, nivae sweta. Jina lako halikuwemo.

Kwa hiyo nimefuta ubao. Pale pa kuomba msamaha kwaya itanyamaza, na besi mmoja ataimba peke yake. Besi huyo ni wewe; Lukozi nzima bado wanaikumbuka sauti yako. Lakini maneno sikutungii. Kamwambie Mama kwanza, kwa mdomo wako, na yeye akipenda ataniambia ulisema nini, nami nitayatia noti. Asiponiambia, wimbo hauji, na mchungaji akupokee bila kwaya. Na Mama akikataa kukusamehe, usimtume mzee wa kanisa kwenda kumbembeleza.

Mwamkie Bibi, mwambie asiache dawa ya kifua. Msalimie Yona, na mjomba aliyetuchotea maji ulipokuwa hupo. Salamu zangu kwa Mama simpi mtu mwingine. Vuka uwanja, ubishe hodi, umpelekee wewe.

Ni mimi binti yako, ninayekuamkia kwa heshima na kwa hasira,

Naomi