Paji la Uso la Mama Mkwe

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 2018. Mvua imeanza mapema, imeshuka kutoka milimani, na Bwera yote ni matope. Nimekaa kwa mlango na simu. Mwili ni kama nimebeba saruji siku nzima, na sijabeba kitu. Sikutaka kuandika, lakini nisipoandika leo nitaanza tena kujidanganya.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Tangu Ebola ianze kule upande wa Kongo, mimi ni mmoja wa wale wa kujitolea pale mpakani. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, tunasimama na kile kipimo cha joto tunachokiita bastola. Unakielekeza kwa paji la uso, kinalia, mtu anapita. Kikisoma joto kubwa, anapelekwa kwa hema la kutengwa.

Nilikuwa mkali. Jumanne ya wiki jana kuna mzee wa maharage alikataa kutoa kofia. Alisema wakati wa vita wanajeshi walimwekea bunduki pale pale kwa paji, hataki tena. Nikampigia kelele kama afande: "Toa kofia! Mbele ya hii kitu hakuna mkubwa!" Watu wakacheka. Mzee akatoa kofia.

Nilijiona nimefanya kazi.

Ijumaa yake, kwa mstari wangu, akatokea mama mkwe.

Anakaa ng'ambo, mwendo mfupi kutoka mpaka. Mke wangu Masika ni binti yake wa kwanza. Mimi nilizaliwa Kilembe, hapa hapa Uganda, baba alitoka Kenya kuja kuchimba shaba, na kitu moja alituachia ni hii: mama mkwe humwangalii usoni, humshiki mkono, mkikutana njiani unampisha. Miaka kumi na nane nimemsalimia nikiangalia ndala zake. Sasa nimwelekezee bastola mbele ya soko nzima?

Bwambale, tunayefanya naye kazi, alikuwa pembeni yangu. Akaanza: "Eh, bwana harusi! Leo tutaona. Piga magoti kwanza!"

Nikainua mkono, nikageuza uso, nikaelekeza kipimo hewani, juu ya bega lake. Kikalia.

"Ngapi?" Bwambale akauliza.

"Thelathini na sita na nusu. Pita, mama."

Akapita.

Ningeweza kusema ni desturi, na mngenihurumia. Ndivyo nilivyojiambia siku mbili. Lakini kabla sijageuza uso nilimwona. Alikuwa amejifunga vitenge viwili kwa lile jua, na midomo imekauka. Nilijua ni mgonjwa. Niliogopa wampeleke kwa hema, halafu soko lote liseme ugonjwa umeingilia kwa mpimaji mwenyewe. Hiyo desturi ya baba nilijifunika nayo tu.

Jumamosi, akiwa kwetu, akaanza kutapika. Binti yetu Ruthi alikuwa amelala naye kitanda kimoja.

Masika akaniuliza, "Baba Ruthi, jana si ulimpima?"

Nikasema nilimpima, hakuwa na joto. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni. Yeye naweza kumwangalia.

Jumapili nilivaa shati ya kanisa, nikafika hadi langoni, nikasikia wanaimba, nikageuka. Nikatembea mpaka kwa hema na kumwambia mkubwa wetu kila kitu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Nyumbani mko wangapi?" Bora angenitukana.

Wakaja watu wa hema na zile nguo nyeupe, wakamchukua mama. Majirani walisimama mbali, mikono kwa mdomo. Siku nne hatukutoka uani, na nyanya za Masika za kuuza zikaoza kwa karai. Bwambale ndiye aliyekuja kutupima kila asubuhi. Hakufanya utani hata mara moja. Ruthi alikuwa anamuuliza, "Niko ngapi?" na mimi nilikuwa nashika pumzi mpaka ajibu.

Masika yeye aliamini kile kipimo kilikosea. Aliwaombea hata wanaotengeneza hivyo vitu. Nikaitikia amina.

Leo saa nane majibu ya damu ya mama yamekuja kwa mara ya pili. Si Ebola. Ni malaria, ile kali. Sikuruka kwa furaha. Nilikaa chini pale pale kwa matope.

Saa kumi wakamrudisha mama. Amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili, lakini sauti iko. "Batoto beko wapi? Na chai?" Halafu akaja akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Mukwe, pima. Ile siku ulisahau."

Masika akaacha kumimina chai. "Alisahau nini, mama?"

"Uulize bwana yako. Mimi nilisimama pale, yeye anapima bandege."

Nikamwambia Masika yote, nimesimama, mvua ikinipiga mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ruthi alilala pale," akaingia ndani.

Mama alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Sina kipimo, mama."

"Na mukono hauna?"

Wiki hizi zote nimewaambia watu wasishikane. Na miaka hii yote sijawahi kumgusa. Nikaweka mgongo wa mkono kwa paji lake. Lilikuwa baridi, kama mtungi. Nikamwangalia usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nilikuwa sijui.

"Ngapi?" akauliza.



Sasa mama amelala. Masika anapika na bado hajanisemesha, na simlaumu. Jinsi alivyoweka ile sufuria, najua itachukua siku nyingi.

Kesho ni soko. Mkubwa amesema nirudi, wapimaji ni wachache. Mzee wa maharage atapita, hakosi Ijumaa. Nimechoka, lakini hilo nimeshaliamua: nitajielekezea bastola mwenyewe kwanza, hapa kwa paji langu, nimwonyeshe namba. Wacheke wanaotaka kucheka.

Halafu nitamwomba ile kofia, kwa mikono miwili.