Profesa wa Saluni na Kengele ya Ubongo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mtoa msaada ni mimi, uliza yeyote hapa mtaani akuoneshe saluni ya Profesa, ndilo jina walilonipa wateja, shule niliiachia njiani lakini kichwa sikukiacha, na tangu nimsikie daktari redioni akisema ubongo una kengele ya hatari, na mtu akiitaja hisia yake kwa jina na kutoa pumzi polepole kengele inatulia, nimeshatuliza madereva, askari wastaafu, hata bwana harusi aliyetetemeka kitini hadi kiti kikalia, namshika mtu kidevu, namtazama kwenye kioo, namwambia, "Hiyo ni hofu, kaka, iteme," anatoka ananishukuru. Sasa juzi mke wangu, fundi cherehani, karudi analia, mteja kamtupia gauni usoni mbele ya watu, nami nikasimama nyuma yake, nikamshika mabega, nikasema, "Mama watoto, hiyo ni kengele tu. Itaje kwa jina."

Akasema, "Jina lake ni wewe!"

Akahamia chumba cha binti yetu, na tangu hapo ananiambia chakula kiko mezani, basi, nyumba kimya kama saluni umeme ukikatika, na huyu ndiye mtu pekee anayecheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza. Sayansi yangu haina kasoro. Nimfanyeje?

Profesa

Profesa,

Hongera, na sikutanii. Kuitaja hisia huwasaidia wengi kutulia. Ila utaje yako, baba, siyo ya mwenzio! Katika barua nzima nimeiona hofu ya bwana harusi; yako umeificha wapi?

Halafu kazi imekuharibu. Unamsimamia mkeo mgongoni kana kwamba kaja kunyolewa. Wateja wanakusikiliza kwa sababu wembe uko shingoni. Mkeo ana miguu, na umeona alivyoitumia. Aliyetupiwa gauni usoni hataki somo, anataka mtu wa kusema, "Loo, mbele ya watu! Ikawaje?" Hilo nalo hutuliza ubongo, tena bila redio.

Leo ukifunga saluni usipitie popote. Kaa mbele yake. Muulize habari ya gauni, asimulie mpaka mwisho, na ulimi ukikuwasha uung'ate. Akimaliza, toa pumzi yako mwenyewe, useme, "Mama watoto, nimekukosea, na naogopa."

Akicheka kabla hujamaliza, tafadhali, usimwambie hisia hiyo inaitwaje.